Feruzi, Ramazani, Vita: Majina Haya Yalitoka Wapi?

Andika majina ya jamaa moja ya Kasongo ao ya Kabambare, kutoka babu mpaka wajukuu. Utakuta Ramazani alizaa Petro, Petro akazaa Feruzi, na Feruzi ana binti anayeitwa Vita. Kijana wa leo anacheka: hii jamaa ni ya msikiti ao ya Kanisa? Wengine wanakuja kwa mchungaji mbele ya ubatizo na kusema, "Pasta, nataka kutupa hii jina ya Feruzi, haina maana."

Ngojeni kwanza, vijana.

Feruzi ni jiwe la bei, rangi yake kama mbingu. Alimasi vilevile ni jiwe. Sisi watu wa migodi tunafikiri upesi kwamba babu fulani aliokota jiwe. Hapana. Majina haya yalifika huku mbele ya kampuni yoyote kuanza kuchimba. Kule pwani na Unguja, mabwana walizoea kuwapa watumwa wao majina ya vitu vizuri ao ya heri: Feruzi, Alimasi, Marjani, Mabruki. Watu wenye majina hayo walibeba pembe na bunduki katika misafara iliyopita Kabambare kwenda Nyangwe na Kasongo. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870. (Yeye mwenyewe alisema jina lake la Tippu Tip lilitoka kwa mlio wa bunduki, wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa.) Mwaka 1893 jeshi la Leta ya Leopold liliuteka mji. Mabwana walikimbia ao walikufa, lakini watu wengi wa misafara walibaki, wakaoa, wakalima, wakazaa.

Kwa hiyo Feruzi wa nyumbani kwenu pengine alipewa jina kwa heshima ya rafiki tu. Lakini pengine ni alama moja tu iliyobaki ya mtu aliyekamatwa kwao, akanyang'anywa jina alilopewa na mama yake. Hakuna aliyeandika habari zake. Wewe unataka kumfuta mara ya pili?

Ramazani na Juma ni rahisi: mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwinyi lilikuwa jina la cheo, la mkubwa wa mji, kisha likawa jina la mtoto. Mtu anaweza kulibeba na asiingie msikiti hata siku moja.

Kuna majina ya mateso: Masumbuko, Machozi, Sikujua, Vita. Usipite haraka hapo. Uliza, vita gani? Kuna Vita aliyezaliwa wakati wa Simba, mwaka 1964, na Vita wa 1996, na Vita wa 1998. Jina linashika tarehe kuliko karatasi iliyoungua pamoja na nyumba. Hata Patrice Lumumba, aliyefanya kazi Kalima katika kampuni ya Symétain alipokuwa kijana, alizaliwa mwaka 1925 na kuitwa Okit'Asombo, maana yake kwa Kitetela ni mrithi wa waliolaaniwa. Jina zito namna ile halitoki bure; nyuma yake kuna kilio cha nyumba.

Leta nayo ilichanganya mambo. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1972 Mobutu alitupa jina la Joseph-Désiré, na kila mtu akaambiwa kuacha majina ya ubatizo. Petro akatafuta jina la babu. Kisha mwezi wa 4, 1990, siasa ilipofunguliwa, majina ya kanisa yakarudi mbele ya watu. Ndiyo maana baba mmoja ana jina moja kwenye kadi ya ubatizo, lingine kwenye diploma, na watoto wanagombana juu ya urithi.

Fanya hivi. Nenda kwa mzee, uulize nani alilitwaa jina kwanza, alizaliwa wapi, alifika na nani. Usimwulize mbele ya wageni. Kwa habari ya utumwa wazee wengi wananyamaza, ni haya. Nenda jioni, ninyi wawili tu, na kalamu iache mfukoni mpaka utakaporudi nyumbani.