Udongo wa Juu Utawekwa Wapi?

Mkulima wa Masisi ajua kwamba udongo mweusi wa juu ndio unaolisha watoto wake. Chini yake rutuba ni kidogo. Lakini penye machimbo, kama ya koltani kule Rubaya au ya kasiteriti kule Bisie katika Walikale, mara nyingi udongo huo hutupwa bondeni. Mvua ikija, mlima uliochimbwa bila mpango huwaporomokea watu.

Je, ardhi ya namna hii yaweza kupona? Yaweza. Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kiliacha machimbo makavu ya mawe ya matumbawe. Mwaka 1971 René Haller alijaribu hapo aina 26 za miti, mivinje ikastawi. Majongoo walisaga majani yake yaliyoanguka, udongo ukazaliwa, na leo pana msitu. Lakini kazi hiyo ilidai miaka mingi.

Kupanga mapema ni rahisi zaidi: udongo wa juu uwekwe kando, kuta zikatwe ngazi ngazi, maji yapewe mfereji, mwishoni udongo urudishwe na miti ipandwe.

Basi, ndugu msomaji, akija mtu kutaka mchanga, changarawe au madini shambani mwako, usitaje bei kwanza. Muulize: udongo wa juu utawekwa wapi?