Kompyuta imechoka: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaweka hesabu za duka katika kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani, ambayo mara nyingi ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika na sasa ina umri wa miaka kumi au zaidi. Mashine hizo zimefikia njia panda. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya kuziba mianya ya usalama katika Windows 10, programu iliyotoka Julai 2015. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali kirasmi mashine nyingi za zamani. Inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, pamoja na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Kwa mfanyabiashara, jambo hili ni la fedha kama mambo mengine yote ya ukurasa huu. Ofisi za nje zinapobadili mashine, zile za zamani huuzwa kwa jumla, na sehemu yake huishia katika maduka yetu zikiwa zimefutwa vumbi na kuwekwa bei ya kuvutia. Mnunuzi asiyejua kusoma namba anaweza kuuza mashine aliyonayo kwa hasara na kununua nyingine ya umri uleule.

Namba yenyewe si ngumu kusoma. Katika prosesa za Intel za aina ya i3, i5 na i7, tazama tarakimu zinazofuata kistari. i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i5-10400 ni ya kizazi cha 10. Muuzaji akisema tu kwamba "hii ni Core i5", hajakwambia kitu. Mwambie aiwashe, kisha usome mwenyewe.

Tukirudi kwa kompyuta uliyo nayo, hesabu yetu ni hii. Chukua bei ya mashine nzuri ya mkono wa pili ya kizazi cha 8 katika soko la mjini kwako, uiite 100. Jumlisha bei ya vipuri unavyohitaji na ujira wa fundi. Jumla ikiwa chini ya 30, tengeneza. Ikizidi 40, acha. Ikiangukia katikati, jiulize kama mashine hiyo inaingiza fedha au watoto wanaichezea tu. Kanuni hii ni ya mwandishi wa ukurasa huu, na ameiona ikiokoa fedha za watu.

Kabla ya fundi kushika bisibisi, nakili daftari la wateja, mikopo, risiti na picha katika diski ya nje, na uhakikishe kwamba nakala hiyo inafunguka kwenye kompyuta nyingine. Fundi mzuri atakuuliza kuhusu nakala kabla ya kuanza kazi. Asiyeuliza mwogope.

Lalamiko la kwanza la wengi ni kwamba kompyuta ni nzito. Watu hukimbilia kuongeza RAM kwa sababu ndilo neno wanalolijua, lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji, kisha ufanye kazi zako kama kawaida. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku memori ikiwa asilimia 60, RAM mpya haitakusaidia. Memori ikiwa asilimia 90 na zaidi wakati wote, hapo ndipo RAM inahitajika.

Sababu ya diski kuchelewesha ni ya kimaumbile. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaohama huku na huku kutafuta maandishi. Kila safari ya mkono huo pamoja na kusubiri sahani ifike mahali pake hula milisekunde kumi na kitu, kwa hiyo diski haiwezi kufanya safari 100 kwa sekunde moja. Windows inapowaka hutafuta maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Diski ya SSD haina sahani wala mkono, na safari zake kwa sekunde huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2012 iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski tu. Katika matengenezo yote ya mashine kuukuu, hili ndilo lenye faida kubwa kwa kila shilingi.

Ila kuna mitego. Ziko SSD za umbo la inchi 2.5 zenye kiunganishi cha SATA, na ziko nyingine nyembamba kama ubao wa chingamu, aina ya NVMe. Mashine nyingi za kabla ya 2015 haziwezi kuwaka kutoka NVMe, hata ukinunua kadi ya kuipachika. Kwa hizo chukua ya SATA ya gigabaiti 240 au 256, nayo yatosha kwa hesabu na barua. Mtego wa pili ni bidhaa bandia. Diski iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya kutupa huwa ina chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea mafaili bila kulalamika, kisha ikishajaa ile nafasi yake ya kweli inaandika juu ya yale ya mwanzo. Dawa ni kuijaribu dukani au ndani ya siku za kurudisha mali, kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza yote na kusoma tena ilichoandika.

Kabla hujahamisha mambo kutoka diski ya zamani, ipime afya yake kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Tazama mistari yenye alama 05 na C5. Ya kwanza huhesabu sehemu za diski zilizokwisha kufa na kuhamishiwa kwingine, ya pili zile zinazosuasua. Sifuri ni salama. Hesabu ikipanda kila wiki, usiifanyie diski hiyo kazi nyingine yoyote isipokuwa kuinakili.

Kuhusu RAM, soko lenyewe limegeuka. Mwishoni mwa 2025 bei za memori duniani zilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vitatu vikubwa, Samsung na SK Hynix vya Korea Kusini na Micron cha Marekani, vilielekeza nguvu kwenye memori za seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara yake ya rejareja yenye jina la Crucial. Kwa mwenye mashine ya zamani maana yake ni kwamba asitupe kipande chochote cha memori kinachofanya kazi, na asikubali bei ya kwanza. Memori za DDR3 kwa kiasi kikubwa hutoka katika mashine zilizokwisha kufa, na bei yake hutegemea sana maelewano.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo lililochongwa chini ya kila moja liko mahali tofauti, na fundi anayeilazimisha atavunja bodi. Ukiweza, weka vipande viwili vya gigabaiti 4 badala ya kimoja cha 8, maana prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Tena angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukijaza bodi nzima.

Sasa tuje kwenye mashine isiyowaka kabisa. Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi na unasikia milio mifupi, mara nyingi ni memori. Idadi ya milio ina maana, ila hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo tafuta kitabu cha bodi yako. Zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa shule, pangusa, rudisha mpaka isikike ikibana. Kwa wakazi wa pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, hili ni jambo la kawaida mno. Mwandishi aliwahi kuambiwa na fundi mmoja kwamba bodi yake imekufa na inatakiwa nyingine. Ufutio wa mtoto ulimaliza kazi, na bodi hiyo ilifanya kazi miaka minne tena.

Ikiwa mashine inajizima yenyewe kazi inapokuwa nzito, washukiwa ni wawili, joto na pawa saplai. Fungua ubavu na utazame. Vumbi likiwa limefanya blanketi juu ya prosesa, lipulize nje ya nyumba, huku umeishika feni isizunguke. Dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza hukauka baada ya miaka, na tyubu mpya haina gharama kubwa. Ikiwa mashine imepoa na bado inajizima, jaribu pawa saplai nyingine nzima kabla ya kununua. Kwenye bodi za miaka ya mwanzo ya 2000 tazama pia vile vimkebe vidogo vilivyosimama. Vilivyovimba kichwani au kuvuja vimekwisha, na bodi ya umri huo haifai kuwekewa fedha.

Kwa mashine zilizotoka Marekani, nyuma ya pawa saplai ya zamani huwa kuna swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko na kuona moshi, na gharama ya siku hiyo itakuwa ni pawa saplai nzima.

Ugonjwa wa bei nafuu kuliko yote ni betri. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kadhaa kila unapozima, tovuti ya benki itakataa kufunguka kwa kuwa hati yake ya usalama, kwa tarehe ya mashine yako, bado haijaanza kutumika. Watu wamelaumu intaneti na benki kwa miezi. Betri hiyo ni ya duara, aina ya CR2032 ya volti 3, ile ile ya rimoti za magari mengi.

Yabaki swali la programu. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza ya mwaka mmoja ya usalama wa Windows 10 kwa kompyuta za nyumbani, unaofikia Oktoba 13, 2026. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyokidhi masharti. Inawezekana, lakini mtengenezaji haahidi kuendelea kuihudumia, na mashine za Core 2 Duo toleo la 2024 halikubali kabisa. Kwenye kompyuta ya watoto, sawa. Kwenye ile unayotumia kuingia benki, hapana.

Njia nyingine ni Linux Mint pamoja na LibreOffice, zote za bure. Wanaokumbuka watajua kwamba si ugeni kwetu, maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tatizo ni programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, uone kama printa yako inaitikia.

Na ukiamua kuuza, toa diski ya zamani ubaki nayo. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi, na mnunuzi mwenye programu ya kurejesha anaweza kusoma nani anadaiwa na wewe na kiasi gani. Mashine bila diski hupungua bei kidogo tu.