Tetemeko la Ardhi: Tujihadhari na Kuta Zetu

Bukoba siyo mbali na sisi. Toka Nyegina ukivuka ziwa kuelekea magharibi, unafika huko. Tarehe 10 Septemba, 2016, siku ya Jumamosi, saa 9 na nusu hivi alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki. Mamia walijeruhiwa. Nyumba nyingi zilianguka, na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya.

Je, tetemeko hutokana na nini? Wengine husema ni mizimu imekasirika. Wataalamu wametueleza hivi. Chini ya ardhi tunayolima kuna miamba mikubwa sana. Miamba hiyo inasukumana na kuvutana polepole, miaka na miaka. Siku moja inashindwa kuvumilia, inakatika au inateleza ghafla. Hapo ardhi hutikisika. Afrika Mashariki inapasuka kidogo kidogo kwenye Bonde la Ufa. Tawi moja la bonde hilo linapita Ziwa Tanganyika, jingine linapita Manyara na Natron. Sisi wa Ziwa Viktoria tuko katikati. Hakuna mtu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko. Kwa hiyo, tusikubali uvumi.

Mara nyingi siyo mtikisiko wenyewe unaoua. Kinachoua ni ukuta unaomwangukia mtu. Basi, kazi ianze leo:

1. Tukague kuta. Ufa mkubwa tuuzibe, na ukuta ulioinama tuubomoe na kuujenga upya.
2. Tukijenga nyumba mpya, tofali za pembeni zishikane vizuri. Mwenye uwezo aweke mkanda wa zege na nondo juu ya milango, uzunguke nyumba yote.
3. Tusijenge chini ya mawe makubwa yaliyokaa vibaya mlimani.
4. Tusiweke vitu vizito juu ya mahali tunapolala.

Ardhi ikitikisika, tufanye hivi:

Ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, uishike, ukinge kichwa. Kama hakuna meza, piga magoti mbali na dirisha na kabati, ukinge kichwa kwa mikono. Kama nyumba ni ya udongo na uko karibu na mlango, toka upesi uende mahali pa wazi. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, miti, nguzo za umeme na mawe ya mlimani.

Mtikisiko ukiisha, toka nje na uzime moto jikoni. Waangalie wazee, watoto na wagonjwa. Usirudi haraka katika nyumba yenye nyufa, kwa sababu matetemeko mengine hufuata. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Jadilianeni darasani: Nyumba zipi kijijini kwetu zina nyufa? Nani atamsaidia mzee anayeishi peke yake?