Ualimu wa mazoezi si misuli pekee

Jioni moja nilipokuwa karibu kufunga kliniki, aliingia kijana aliyevaa suruali ya michezo na viatu vya raba, akiwa amemshika mkono mama wa miaka 52. Mama huyo alikuwa amezirai katikati ya darasa la mazoezi ya viungo. Fahamu zilikuwa zimemrudia, lakini jasho lilimtiririka na mikono yake ilikuwa baridi.

Kijana ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alinieleza kwamba alimpima mama huyo mapigo ya moyo akapata 100 kwa dakika. Kulingana na chati iliyobandikwa ukutani katika jimu yao, mtu wa umri huo anafaa kufikisha kati ya 118 na 143. Basi akamhimiza aongeze bidii, akimwambia bado hajafika. Muda mfupi baadaye mama alikuwa sakafuni.

Nilipomwuliza mama ni dawa gani anazotumia, alitoa mkobani pakiti ya atenolol, dawa ya shinikizo la damu. Dawa hii hupunguza kasi ya moyo. Kwa mtu anayeimeza, mapigo 100 yaweza kuwa ishara kwamba tayari anafanya kazi ya kutosha, na chati ile ya ukutani haimfai hata kidogo.

"Sasa daktari, mimi ningejuaje?" kijana aliniuliza kwa sauti ya chini.

Swali lake ni la haki, na linawahusu vijana wengi mijini wanaotaka kuifanya kazi hii.

Kazi yenye manufaa

Wakazi wengi wa miji hushinda wameketi: ofisini, kwenye matatu, na jioni mbele ya televisheni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya aina hii husaidia kuzuia kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na humsaidia pia aliyekwisha kuyapata. Kwa hivyo mwalimu mwema wa mazoezi ni mwenzetu sisi madaktari. Lakini mwalimu asiye na ujuzi aweza kuleta madhara kwa nia njema kabisa.

Wengi hudhani kuwa kifua kipana na uwezo wa kucheza muziki kwa saa nzima vinatosha. Havitoshi. Anayekuja jimu mara nyingi si mwanariadha. Ni mzazi mwenye goti bovu, karani mwenye maumivu ya mgongo, au mjamzito anayetaka kubaki na nguvu.

Njia ya kufuata

Kwanza, maliza masomo ya sekondari na ujifunze jinsi mwili unavyofanya kazi: mifupa, misuli, moyo na mapafu. Mwenye uwezo na muda aweza kusomea elimu ya mazoezi na sayansi ya michezo katika chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vyuo vyenye masomo hayo. Wengine huchukua kozi fupi za cheti. Kabla ya kulipa karo, uliza ni nani anayekitambua cheti hicho, mtihani wake ukoje, na kama kuna mafunzo ya vitendo. Cheti kinachotolewa bila mtihani hakina uzito.

Pili, pata mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya na St John Ambulance huyatoa. Hata American College of Sports Medicine, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1954, hakimpi mtu cheti chake cha ualimu wa mazoezi bila ushahidi kwamba amefunzwa kufufua moyo uliosimama. Ni lazima ujue kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwenzako akiita ambulensi.

Tatu, jifunze kazi chini ya mwalimu mwenye uzoefu. Tazama anavyompokea mgeni, anavyorekebisha mgongo wa anayeinua vyuma, na anavyomwambia mtu apumzike.

Maswali kabla ya muziki

Hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana. Kabla mteja mpya hajainua hata mguu, mwulize: Je, umewahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, presha, kisukari au pumu? Je, huumwa na kifua au huona kizunguzungu unapojitahidi? Una tatizo la mifupa au viungo? Una mimba? Unatumia dawa gani? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa kwa siri. Akijibu ndiyo kwa lolote la kutia shaka, mwombe aonane na daktari kwanza.

Chati za mapigo ya moyo hutokana na hesabu ya 220 ukitoa umri wa mtu. Hayo ni makadirio tu. Njia rahisi na salama zaidi ni kumsikiliza mteja: katika mazoezi ya wastani, aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Aidha, mwenye kisukari anayetumia insulini akianza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Mpe soda yenye sukari kama anaweza kumeza, na akizidiwa mkimbize hospitalini. Anayelalamika kwamba kifua kinambana asiambiwe avumilie.

Jua mipaka yako

Mwalimu wa mazoezi si daktari. Usimwambie mteja aache dawa zake kwa sababu amepungua uzito. Usiuze vidonge wala sindano za kukuza misuli. Dawa za steroidi huharibu ini na moyo, hupunguza uwezo wa mwanamume kuzaa, na huweza kumfanya aote matiti.

Jitunze wewe mwenyewe pia. Nimewatibu walimu wenye sauti zilizokauka na miundi inayouma kwa kufundisha madarasa manne au matano kwa siku. Kwa kuwa wengi hulipwa kwa darasa, huona kupumzika ni hasara. Lakini mfupa wa muundi ukipata ufa, utakaa nyumbani wiki nyingi bila senti. Weka pia akiba, maana jimu zinazojaa Januari huwa na nafasi tele miezi michache baadaye.

Tukirudi kwa yule mama, shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka. Nilimlaza, nikamwinua miguu na kumpa maji, akapata nafuu. Baada ya vipimo vya moyo nilimruhusu arudi darasani, kwa mwendo wake.

Kijana naye alirudi wiki kadhaa baadaye. Alikuwa amejiandikisha kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, na alileta karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe ili niikague. Ilikuwa fomu ya wateja wapya. Swali la kwanza kabisa lilikuwa: "Unatumia dawa gani?"

Nilimwambia kwamba sasa ameanza kuwa mwalimu. Nawe msomaji, ukijiunga na jimu na usiulizwe swali kama hilo, lijibu hata kabla ya kuulizwa.