Carter hakustahili kupona

Jack Carter anapanda treni London kwenda Newcastle kumzika ndugu yake, Frank. Inasemekana marehemu alilewa akapata ajali ya gari. Carter haamini, kwa kuwa kazi za namna hiyo anazijua: yeye mwenyewe ni jambazi.

Hiyo ndiyo *Get Carter* ya mwaka 1971, iliyotokana na riwaya ya Ted Lewis, *Jack's Return Home*, iliyochapishwa mwaka mmoja kabla. Lewis aliiweka hadithi yake katika mji wa viwanda vya chuma. Mwongozaji Mike Hodges, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, aliihamishia Newcastle na Gateshead. Ninaamini uamuzi huo ndio ulioijenga filamu. Mpiga picha Wolfgang Suschitzky, mzoefu wa filamu za maisha halisi, anatuonyesha vilabu vya pombe, vibaraza vya nyumba za vibarua na moshi wa viwanda, hadi uovu wa Carter unaonekana una kwao.

Michael Caine anaigiza bila kutafuta huruma ya mtu. Mara moja tu anavunjika: yuko kitandani kwa mwanamke, anatazama filamu ya ngono, kisha anamtambua Doreen, binti wa Frank. Hapigi kelele. Machozi yanamtiririka, na kuanzia hapo huruma imekwisha.

Anamfukuza Eric Paice, muuaji wa Frank, hadi ufuko wa Blackhall, uliokuwa mweusi kwa mabaki ya migodi ya makaa ya mawe. Anamlazimisha kunywa wiski, kama Frank alivyonyweshwa, anampiga hadi afe, kisha maiti inabebwa na ndoo ya chuma iendayo kwa waya na kumwagwa baharini pamoja na taka. Carter anacheka. Anataka kuitupa bunduki yake majini, na hapo mdunguaji anampiga risasi ya kichwa. Ukiirudia filamu, utamwona mdunguaji huyo, anayetambulika kwa pete yake, amekaa behewa moja na Carter tangu safari inaanza. Carter alikuwa ameshahukumiwa kabla hajafika msibani.

Mwaka 2000 Marekani waliitengeneza upya, Sylvester Stallone akiwa Carter, na wakamwacha hai. Kwangu mimi, hapo waliiua hadithi yenyewe.