Usikimbilie kuchoma kasha kuukuu la bunduki ya upepo

NI desturi katika maboma mengi kwamba mzee anapoaga dunia, vitu vyake hutolewa chumbani, vikatandazwa uani na kugawanywa. Redio, saa na baiskeli hupata wenyewe upesi. Makatoni na makaratasi huishia mekoni.

Eneo la Masara katika Kaunti ya Migori limejua wageni na vifaa vyao kwa muda mrefu. Mgodi wa Macalder, ulio katika ukanda huo huo wa dhahabu, ulichimbwa dhahabu na shaba tangu miaka ya 1930 hadi ukafungwa katika miaka ya 1960. Haitakuwa ajabu, basi, iwapo darini mwa nyumba fulani, Masara au hata Homa Bay, patapatikana bunduki ya upepo ya enzi hizo: BSA au Webley za Birmingham, Uingereza, ama Diana ya mji wa Rastatt, Ujerumani. Bunduki ya aina hii haitumii baruti. Hurusha kipande kidogo cha risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa na springi.

Aliyeipata atauliza bei ya chuma na mbao. Mkusanyaji wa vitu vya kale, aghalabu, huuliza kwanza: je, kasha lake lipo?

Sababu ni uhaba. BSA Airsporter, iliyoingia sokoni mwaka wa 1948, na Meteor iliyofuata mnamo 1959, zilitengenezwa kwa chuma cha kudumu. Kasha lilikuwa karatasi ngumu tu, refu na la kusumbua, lililokusudiwa kuifikisha bunduki nyumbani kutoka dukani. Lilitupwa wiki hiyo hiyo. Lililonusurika liliwakuta mchwa, mende na paa linalovuja. Makasha ya bastola za upepo yamesalia kwa wingi zaidi, maadamu ni mafupi na yaliingia katika mtoto wa meza.

Je, thamani yake hukadiriwaje? Njia iliyo nyofu ni kutafuta bei ambazo wanunuzi walilipa hasa mnadani, wala si zile ambazo wauzaji wanaomba. Tuseme bunduki pekee iliuzwa kwa Sh20,000, na nyingine ya aina na hali iyo hiyo, ikiwa na kasha, ikauzwa kwa Sh28,000. Tofauti ya Sh8,000 ndiyo kasha. Lakini tahadhari: bunduki iliyotunziwa kasha huwa pia imetunzwa vyema yenyewe, na sehemu ya tofauti hiyo huenda ikawa ni ya chuma kisicho na kutu.

Kisha hutazamwa lebo. Kasha lililochakaa pembeni lakini lenye lebo inayosomeka hushinda kasha zima lisilo na lebo. Jina la modeli na kipimo cha mtutu sharti viafikiane na bunduki. Kama pana nambari, nayo ilinganishwe. Kijitabu cha maelezo, kadi ya dhamana, shabaha za karatasi na hata risiti ya duka huongeza bei, kwa kuwa vinaeleza kitu kilinunuliwa wapi na lini.

Penye bei hapakosi waghushi. Kasha linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 na limulikwe kwa taa ya zambarau, ile wanayotumia makeshia kukagua noti bandia. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe takriban mwaka wa 1950. Karatasi ikimetameta rangi ya samawati, kuna jambo. Vilevile, bunduki iliyolika kwa kutu ndani ya kasha jipya kabisa ni ndoa ya kutiliwa shaka.

Kosa linalofanywa na watu wema ni kulitengeneza. Selotepu hugeuka manjano na kubandua maandishi, nayo rangi mpya huharibu kabisa. Kasha lipanguswe vumbi kwa brashi laini, liwekwe pakavu mbali na sakafu, na bunduki yenye mafuta isilazwe ndani yake, maana mafuta hupenya.

Kuhusu bunduki yenyewe, mrithi asifanye pupa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura 114, hugusa chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha kitu na kudhuru, na kutokuwepo baruti si kinga. Kabla ya kuihamisha, kuiuza au kuipiga picha ya mnada, aulize polisi au bodi ya leseni za silaha.

Kasha tupu halina shida hiyo. Wapo wakusanyaji ng'ambo walio na bunduki bila kasha, wanaonunua kasha peke yake. Kwa hivyo, hata kama familia italazimika kuisalimisha bunduki kituoni, haina haja ya kuipeleka ikiwa ndani ya kasha, pamoja na kijitabu na risiti zake.