VIJANA, MOTO WA NYIKA NA HESHIMA YA KAZI

Tatizo la kijana asiye na kazi haliondoki kwa kumpa kibarua cha kupitishia siku. Hapana budi tuulize: kazi hiyo inamfundisha nini, inaifaa jamii kwa kiasi gani, na inampeleka wapi? Mfano wa Afrika ya Kusini unatusaidia kulieleza jambo hili.

Mwaka 1998 nchi hiyo ilitunga sheria ya moto wa nyika na misitu, inayowataka wenye ardhi kutengeneza barabara za moto. Lakini sheria haizimi moto. Moto huzimwa na watu. Ndipo mwaka 2003 serikali ilipoanzisha mpango uitwao Working on Fire. Vijana wasio na ajira, wanaume kwa wanawake, huchukuliwa kutoka jamii maskini na kufundishwa.

Mafunzo hayo yana pande mbili. Kwanza ni nadharia: moto huhitaji kitu cha kuungua, joto na hewa, ukiondoa kimoja, unakufa. Pili ni vitendo: mazoezi ya mwili, matumizi ya zana za mkono na pampu za mgongoni, na kusoma upepo na mwinuko, maana moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoteremka.

Si kila moto ni adui. Mimea mingi ya asili ya Rasi huhitaji moto kwa vipindi ili mbegu zake ziote. Adui ni moto usio na mpango, hasa palipovamiwa na miti ya kigeni kama misonobari, inayonyonya maji na kuwaka kwa ukali. Kwa hiyo, wakati hakuna moto, vijana hufyeka miti hiyo, huchoma nyasi kwa mpango na kuwaelimisha wananchi. Kuzima na kuhifadhi ni kazi moja.

Hata hivyo mpango huu una mgongano ndani yake. Mwaka 2016 vijana 301 walipelekwa jimbo la Alberta, Kanada, kusaidia kupambana na moto wa Fort McMurray. Walipokelewa kwa shangwe. Siku chache baadaye waliacha kazi wakidai malipo ya haki, na wakarudishwa nyumbani. Mkuu wa serikali ya jimbo, Rachel Notley, alitamka kuwa hawezi kukubali mtu afanye kazi humo kwa ujira ulio chini ya sheria.

Tunajifunza nini? Ujuzi wa vijana wale ulitosha kuhitajika ng'ambo ya bahari, lakini malipo yao yaliendelea kuhesabiwa kama posho ya mtu aliyesaidiwa. Mpango wa mafunzo unapaswa kupimwa kwa ngazi iliyo mbele ya kijana: cheti kinachotambuliwa, nafasi ya kuwa kiongozi wa kikosi au mkufunzi, na mshahara unaolingana na hatari. Bila ngazi hiyo, kijana atazima moto wa nyika, na ule wa nyumbani kwake utaendelea kuwaka.